Kifuniko cha Jakuzi Kilichonivunja Mgongo

Ndugu zangu wagonjwa wa mgongo, nashukuru kunipa nafasi. Wazee, shikamooni. Nitaongea nikiwa nimesimama, maadamu leo naweza.

Mimi ni wa Kaloleni. Shule niliiacha mapema, miguu yangu ilikuwa haitulii. Nimekata mkonge, nimepaka rangi nyumba, nimeuza madafu Mtwapa. Kila mahali nilitaka kujua kitu kimetengenezwa vipi, na nikishajua, nahama. Mwishowe nikaajiriwa kutunza nyumba ya wageni Malindi. Huko nikakuta jakuzi, beseni kubwa la maji ya moto, katika joto hili letu! Cheka tu, mama, hata mimi nilicheka.

Jakuzi lile lilikuwa na kifuniko cha sponji nene, kimevikwa plastiki iliyofanana na ngozi, wenyewe wakiiita vinaili. Wenye nyumba walikuja kwa nadra. Muda wote uliobaki kifuniko kililala juani. Nikisikia wanakuja, nilikipaka mafuta ya nazi king'ae. Kwetu nazi tunapaka nywele, miguu, hata viatu. Nani angedhani inadhuru?

Mtunza bustani, mzee kuliko mimi, alikuwa akinitania: "Bwana Kaloleni, hicho kifuniko unakipeleka harusini?"

Plastiki ile ilikuwa nyembamba, ya kushonea viti vya tuktuk, si ya kukaa nje. Juu jua, chini mvuke wa maji yenye dawa, na mimi na nazi yangu. Ikakakamaa. Kwenye mkunjo wa katikati ikapasuka nyufa ndogo sana, mvua ikawa inaingia humo. Kila nikikiinua nakiona kizito zaidi. Nilifikiri nguvu zinaniisha.

Asubuhi moja wageni wakiwa njiani, yule mzee akaniita: "Ningoje, tukishike wawili."

"Wewe shika mpira wako wa kumwagilia," nikamwambia. "Nikivunjika, utanizika."

"Kaburi lako nani atachimba? Mgongo wangu mbovu!"

Tukacheka. Nikakiinua peke yangu. Kiuno kikalia kama kuni kavu zikivunjika, nikaanguka, nacho juu yangu.

Wenzangu, hapa mnapajua. Mguu mmoja ukafa ganzi. Kazi ikaenda kwa mwingine. Dada yangu akanichukua kwake Tezo, akawa ananigeuza kitandani kama mtoto. Hospitali walisema huenda nisibebe kitu tena. Mimi niliyezoea kuondoka, nikawa natazama bati. Majirani wakasema nimechezewa, nimerogwa, eti sponji haiwezi kumvunja mwanamume. Nikawaamini. Nikamshuku mtunza bustani, kwa sababu ya lile neno la kaburi. Nilimchukia hadi chakula kikawa hakipiti.

Kisha akaja mwenyewe. Kifuniko kilikuwa kimetupwa, akakikodia gari, amletee dada aezekee banda la mbuzi. Sikumwitikia salamu. Lakini udadisi, jamani, hauna adabu. Nikaomba kifuniko kiingizwe kando ya kitanda, dada anilaze ubavu, anipe kisu, nikakipasua.

Maji yakamwagika sakafuni, meusi, yananuka, hadi chini ya kitanda. Sponji ilikuwa imeyanywa yote. Upande niliokuwa nikipaka nazi, plastiki ilivunjika vidoleni kama biskuti. Pindo la ndani, lisilofikiwa na jua wala mafuta, lilikuwa bado laini.

Mzee akatazama yale maji. "Kumbe ulikuwa unabeba kisima," akasema.

Nikalia mbele yake. Tangu siku ile simchukii mtu, na chakula kinapita. Huko ndiko kupona kwangu. Mguu bado una ganzi, na usiku bado naogopa kesho. Kazi sina, na sioni itakakotoka. Sitawadanganya.

Namshukuru dada yangu, aliyenigeuza bila kunung'unika. Namshukuru yule mzee, aliyekuja kwa mtu asiyemwitikia. Nawashukuru ninyi, kwa kuwa hapa siulizwi nitapona lini. Na ninyi mnaofanya kazi kwenye nyumba za wageni, nawaambia: plastiki ya nje iwe nene, ioshwe kwa maji na sabuni kidogo, mafuta iacheni jikoni. Kitu kikianza kuwa kizito, kipasueni kabla hakijawapasua. Na mtu akisema ningoje, mngojeeni.

Nimesimama kupita kiasi. Kuketi peke yangu siwezi. Naomba watu wawili.