Nilivyofunguliwa Huku Timu Yangu Ikifungwa

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya! Nimeombwa niseme kidogo, na mke wangu Gaudensia amenionya nisiwachoshe, kwa hiyo sitazunguka.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu aliyefungwa! Timu yetu ya hapa Mjimwema mnaijua. Zamani tulikuwa na lori la ushirika, jezi mpya, na chai ya maziwa baada ya mazoezi. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, sabuni ikarudi madukani, redio zikajaa, lakini ushirika wetu ukafa na lori likaenda. Matajiri wa mjini wakaanzisha timu yao, wakawachukua wachezaji wetu wazuri wote. Sisi tukabaki na jezi za mitumba, kila moja rangi yake, na kufungwa kila Jumapili.

Mimi, shabiki wao, sikuhama. Hilo nalisema kwa kujisifu kidogo, Mungu anisamehe! Lakini tukifungwa, nyumbani hapakaliki. Ugali nausukuma. Gaudensia akinisalimu, nageukia ukuta. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba za watu, kwenye migomba, ili jirani yangu Kasiani asiniulize, "Mmekula ngapi leo?" Watoto wakisikia matokeo, wanakimbilia kwa bibi yao.

Siku moja tulikwenda kucheza Tunduru kwa lori la mizigo la watu, juu ya magunia ya mahindi, siku mbili kwenye matope. Lori tulilisukuma zaidi kuliko lilivyotubeba. Kabla sijaondoka, Gaudensia aliniambia, "Baba Otmari, ukirudi na sura ile tena, mimi na watoto tunakwenda kwa mama yangu, Peramiho." Hakuwa anatania. Nasi tukafungwa nne bila.

Nilirudi siku ya sala ya jumuiya, na sura ile ile. Nikakuta kapu la nguo zake liko mlangoni, limefungwa kwa kamba. Tukaenda kusali, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwepo bruda mgeni, mtawa kutoka Hanga. Akahubiri vizuri, kisha akauliza, "Nani kati yenu amefungwa? Asimame, asione haya."

Ndugu zangu, damu ilinipanda! Nikajua tu Kasiani ameshamwambia. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Ndiyo, bruda, tumefungwa! Nne bila! Haya, sasa?"

Weee! Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Bruda wa watu akabaki kutuangalia, hajui hata kama kuna mpira. Nikageuka, nikamwona Gaudensia anacheka na machozi yanamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Akasema mbele ya wote, "Mwombee, bruda. Timu ikifungwa, wachezaji wanakwenda kuoga, yanaisha. Huyu anabaki amefungwa mpaka Ijumaa."

Nilipiga magoti, aibu imenijaa. Nilidhani nitaambiwa niiache timu, na siku ile ningeiacha, kweli tena! Bruda akaniwekea mikono, akaomba, halafu akauliza tunacheza lini. Nikasema Jumapili. "Nenda," akasema, "kisha urudi nyumbani ule."

Jumapili mvua ilitunyeshea, tukafungwa tatu. Nikarudi kwa barabara kubwa, nimelowa chapachapa, nasalimia kila mtu. Kasiani akaniuliza, "Mmekula ngapi?" Nikamjibu, "Tatu! Ya nne nakwenda kuila kwa Gaudensia, twende!" Akaja, tukala wote. Nilipoinua macho, kapu lilikuwa limefunguliwa na nguo zimerudi mahali pake. Nililia mbele ya wanangu, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Timu bado ni ile ile. Kila wiki namwomba Mungu tushinde, naona bado anafikiria. Kapu lile sasa Gaudensia anabebea maandazi ya wachezaji, na uwanjani ndiye mwenye kelele kuliko sisi wote.

Ndugu yangu uliyefungwa, iwe kwa hasira, iwe kwa aibu, simama! Hata ukisimama kwa kukosea swali, kama mimi, Mungu atakupokea hivyo hivyo. Asanteni kwa kuniombea.

Jumapili hii tunacheza na timu ya matajiri. Karibuni sana, na baada ya mechi piteni kwetu tule pamoja, maana kufungwa tutafungwa tu. Amina!