Elena Ocokoru na Mashine Iliyodai Salamu

Baada ya kulitumikia Ghala la Mbegu la Arua tangu Septemba 1979, Bi. Elena Ocokoru anastaafu tarehe 30 Juni 1997. Miaka ya ukimbizini tumeihesabu pia, maana hata kule Zaire yeye ndiye aliyekuwa akitugawia mbegu.

Alianza kama mpokeaji wa redio. Enzi hizo tawi letu la Koboko walitusomea maagizo ya mbegu kwa sauti, na redio ikivuma, nusu ya tarakimu zilipotelea njiani.

Kompyuta za kutumiana ujumbe kupitia redio zilipofika mwaka 1993, moja Arua na moja Koboko, Elena alikwenda kozi Kampala. Alirudi akaanza kazi aliyoipenda kuliko zote: maktaba ya programu ndogondogo za kukagua ujumbe, ambazo programu nyingine zote za ofisi huziita zikihitaji ukaguzi. Kompyuta huijua kila herufi kwa namba. Programu ya Elena huzijumlisha namba hizo na kuandika jumla mwishoni. Kompyuta inayopokea hujumlisha upya. Jumla zikitofautiana, kitu kimeharibika, na ujumbe unakataliwa. Alipogundua kwamba 36 na 63 hutoa jumla ileile, aliongeza programu ya pili inayozidisha kila namba kwa nafasi yake. Siku hiyo alitununulia mandazi ofisi nzima.

Machi 1994 kila ujumbe wa Koboko ulikataliwa. Mvua zilikuwa mlangoni na wakulima wa Lurujo, wanaopata mbegu kupitia Koboko, hawakuwa nazo. Meneja alitangaza kwamba hali isipotengemaa kufikia Ijumaa, mashine itarudi Arua, na mpokeaji wa Koboko, Mzee Kamisi Yugu, aliyewahi kuwa mtu wa redio jeshini, atafute kazi nyingine.

Elena alidandia lori akaenda kuketi nyuma ya Kamisi. Redio ilikuwa nzima. Mashine nayo nzima. Kamisi aliandika agizo bila kosa, jumla ikawekwa. Kisha akaufungua ujumbe tena na kuongeza juu: "Arua, iko namna gani? Huku mvua iko karibu. Mguu ya mama Paska imepona?" Paska ni mtunza ghala wetu, na kweli mguu ulikuwa ukimsumbua.

Elena alimweleza kwamba salamu hizo ndizo zinazovunja jumla. Kamisi aling'aka: "Dada, mimi naomba mbegu kwa mutu bila kuuliza kama iko muzima? Mimi si mwizi!"

Meneja alitaka salamu zipigwe marufuku. Elena hakukubali. Aliibadilisha programu ili ianze kwa kuuliza salamu, ndipo ijumlishe vyote pamoja. Alhamisi jioni ujumbe ulikubaliwa, mguu wa Paska ukiwemo, na Lurujo walipanda kwa wakati. Kamisi yupo kazini hadi leo. Meneja naye alipojaribu kutuma agizo la haraka, mashine ilimgomea mpaka alipoandika "Hamjambo".

Leo asubuhi umeingia ujumbe kutoka Koboko. Sehemu ya agizo ilikuwa tupu. Salamu zilijaa: "Dada Elena, sasa nani atauliza Kamisi iko namna gani? Enda salama. Shamba yako ya kule kwenu Omugo ipate mvua, magoti yako ipate nguvu."

Mashine ilijumlisha, ikalinganisha, ikaandika: SAWA.

Asante, Bi. Elena. Nasi tunakutakia hayohayo ya Koboko, bila kupungua hata herufi moja.