Kasoro Shibiri Yangu

Mheshimiwa Mkaguzi wa Elimu, Mwalimu Mkuu, walimu wote, wazazi wenzangu, na wewe Mwalimu wa darasa la pili tunayekuaga leo bila kupenda: shikamooni mnaostahili, na wadogo zangu, marahaba nimeshaitikia.

Mimi ndiye seremala mnayeniita Jicho-Futi. Darasa la tano nililiacha mimi, halikuniacha lenyewe. Nikitazama mti uliosimama nakwambia utatoa mbao ngapi, na zitaibiwa ngapi. Kuna mlango niliukata kwa macho tu, tena nina homa, na umebana hivi kwamba mpaka leo mbu wakitaka kuingia wanapiga hodi! Kwa hiyo msidhani nimekuja hapa kulia. Nimekuja na hasira.

Mtihani wa muhula uliopita uliuliza: "Kadiria urefu wa ukuta wa darasa, kutoka kona hadi mlango." Mpwa wangu, binti wa dada yangu, yule aliyekaa pale mbele, akaandika: "Mita mbili kasoro shibiri yangu." Mwalimu akampa vema. Mheshimiwa ukaja na karatasi yako ya majibu, mita mbili kamili, ukalikata jibu kwa kalamu nyekundu. Aliyeandika hatua nne, sifuri. Aliyeandika penseli kumi na mbili, sifuri. Hivi, kukadiria si kukisia kwa akili? Tangu lini makisio yakawa na jibu moja? Darasa zima likaanguka, na Mwalimu akapewa barua ya kuhamia stoo kuhesabu maboksi ya chaki!

Mwalimu huyu nimemwona kazini, siku nilipokuja kugongea madawati misumari. Anawaambia watoto, "Kisieni kwanza, kisha pimeni, kisha tuchekane." Mtoto akisema hatua tano, anamuuliza, "Hatua za nani? Za kwako au za baba yako?" Ndiyo maana mpwa wangu aliandika "yangu". Neno moja hilo, Mheshimiwa, limebeba elimu nyingi kuliko faili lako zima.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa nami najichapa. Mwezi uliopita ofisi iliniagiza kabati la kujaza ukuta huohuo. Vipimo vilitoka wapi? Karatasi ileile! Mpwa wangu akaja karakana, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Mjomba, hapa halitaenea."

"Hebu toka! Kati yangu na wewe, nani Jicho-Futi?"

"Wewe, mjomba. Lakini ukuta umeupima?"

Sikuupima. Nikamfukuza na vumbi lake miguuni. Na leo nyote mmeingia humu darasani kiubavu-ubavu kama kaa, na Mheshimiwa wewe tumekuvuta mkono, kwa sababu kabati langu limeng'ata mlango. Limeng'ata kiasi gani? Asubuhi nimepima kwa futi, nikarudia kwa kiganja cha mtoto. Shibiri moja. Yake, si yangu.

Tangu siku ile nikimuuliza binti huyu, "Mama, kamba hii ndefu kiasi gani?" ananijibu, "Sijui, mjomba, mpaka nione karatasi." Mtoto wa miaka minane! Aliyekuwa akipima paka wa jirani kwa vidole! Hapo ndipo damu inaponichemka, na nusu ya moto ni yangu mwenyewe.

Mwalimu, ulimpa mtoto wetu jicho. Tukalifumba watu wawili: mmoja kwa kalamu, mwingine kwa majivuno.

Msumeno wangu huu hapa. Njoo, mama, usiogope. Weka kiganja hapo ukingoni mwa kabati, nichore mstari. Vizuri. Mimi langu nalirekebisha mbele za watu. Na ile kalamu nyekundu, Mheshimiwa, iko mfuko gani? Barua ya Mwalimu ya kuhamia stoo ipo hapa mezani, nayo inasubiri kukatwa.

Mmenipa masikio yenu, nawashukuru. Sasa sogeeni kidogo, vumbi la mbao linakuja.