Somo Alilokubali Likatwe: Miaka 31 ya Dokta Esinam Agbodeka

Tarehe 30 Septemba Dokta Esinam Agbodeka anastaafu, baada ya kufundisha kompyuta katika chuo chetu hapa mjini Ho kwa miaka thelathini na mmoja. Kibao cha jina lake kimeshatolewa mlangoni, lakini wiki hii watu wawili wamebisha hodi na kusimama wakisubiri aseme, "Ingia, ila usinililie!"

Alianza na kompyuta nne, mbili mbovu. Wanafunzi waliandika programu kwa penseli, naye akazipitia mstari kwa mstari. Aliyesahau nukta alirudishiwa karatasi: "Mashine imekataa. Tena imenuna."

Mwaka 2011 alihamia kwetu Wunpini Alhassan kutoka chuo kimoja cha kaskazini, akiwa amemaliza miaka miwili. Mitaala haikulingana, hakuna somo lake hata moja lililotambuliwa, akaambiwa aanze upya. Dokta alimpigania wiki tatu, akashindwa. Wunpini akafunga mizigo akarudi kwao. Barua mbili ambazo Dokta alimwandikia hazikujibiwa.

"Yule binti hakufeli," aliniambia. "Tumemfelisha sisi."

Ndipo akaanza safari za kwenda vyuo vitano, kutafuta mtaala mmoja wa miaka miwili ya kwanza ambao wote wangeukubali. Zilimchukua miaka sita. Kila chuo kiling'ang'ania masomo yake, hakikutaka kukata hata moja. Katika kikao cha mwisho, Kumasi, nilikokwenda naye, Profesa Opoku-Mensah, mwenyeji wetu, alimgeukia.

"Mama, kila siku sisi tukate, sisi tukate! Na lile somo lako la kutunga lugha za kompyuta je? Au lenyewe ni mtoto wa kifalme?"

Watu wakacheka. Dokta hakucheka. Somo lile alilibuni mwenyewe, akalifundisha kila Alhamisi kwa miaka kumi na minne, na mimi nililisoma kwake.

"Likate," alisema.

Sahihi zote zilipatikana kabla ya chakula cha mchana. Banku yake, ugali wa unga uliochachushwa, hakuigusa.

Leo mwanafunzi anahama chuo na masomo yake yote. Mwaka jana walihama sitini na wanne. Lakini sisi tunaofanya naye kazi tunajua kwamba akipita darasa namba saba, lilimofundishwa somo lile, siku ya Alhamisi, hupunguza mwendo. Niliwahi kumuuliza kama anajuta.

"Sijuti, Selorm. Nalikumbuka tu. Basi na kukumbuka nako mnanikataza?"

Sasa anakwenda Keta kuishi na dada yake, ambaye ameshamwonya kwamba huko hakuna wa kusahihishwa.

Dokta, asante kwa penseli, kwa safari, na kwa kile ulichokiacha ili wengine wapite. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya raha. Simu yako ikilia asubuhi, ujue ni sisi. Hatutakuwa na swali lolote. Tutataka kukusikia tu.

Selorm Kpodo, kwa niaba ya Idara ya Kompyuta