Fundi Hatua, Aliyekataa Kutupaka Kijani

Fundi Hatua, mtoto wa mwanamke aliyefyatua kwa mikono yake kila tofali la nyumba aliyotuzalia, mjukuu wa tarishi aliyetembeza barua miaka thelathini asipoteze hata moja, mchora ramani wa kujitegemea asiyepiga magoti kwa bosi yeyote, ndiye tunayemzika leo. Ninayesoma ni dada yake niliyembeba mgongoni. Shule niliishia darasa la saba, lakini kumbukumbu yangu haijaishia popote. Kama kuna mtu hapa aliyetumwa na ile ofisi ya ramani, akae kitako asikilize vizuri.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Juni 1955, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile ulimolala mwili wake jana. Alikuwa wa tatu na wa mwisho. Alichelewa kusema ila aliwahi kutembea. Hajatimiza mwaka, alishavuka mtaro peke yake kumfuata mama kisimani. Mama akasema, "Huyu miguu imeutangulia ulimi."

Aliingia shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza mwaka 1969. Siku ya mtihani mwalimu wa hesabu alimtoa nje. Swali lilisema, "Darasa letu lina urefu wa mita nane." Yeye akainuka, akapiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta, akasema, "Mwalimu, ni saba na kidogo." Walipopima kwa kamba ilikuwa saba na kidogo. Mtihani hakurudishiwa. Baadaye alisoma uchoraji wa ramani miaka miwili katika masomo ya jioni.

Januari 1976 aliajiriwa katika ofisi ya ramani, meza ya pili kutoka dirishani. Alikaa hapo mpaka tarehe 9 Septemba 1988. Siku hiyo mkuu wake alimletea karatasi ya mji mzima akamwagiza apake kijani kuanzia mtaroni hadi kilimani, yaani sisi sote, kwa sababu walitaka kuweka bustani ya kupumzikia.

"Pale hapana kitu," mkuu akamwambia.

"Pana mama yangu."

"Kwenye karatasi hayupo."

"Basi, mzee, mimi siwezi kumpaka mama yangu rangi ya majani. Shika brashi yako."

Akavaa koti lake akarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alikuwa anahesabu hatua. Hakuajiriwa tena na mtu. Wapo waliosema amerukwa na akili, na baadhi yao nawaona hapa na mashada ya maua. Karibuni sana.

Alizichorea ramani shule, akawachorea wakunga, mafundi bomba na wapeleka mitungi ya gesi. Alichora ramani ya vivuli, ili mwenye mzigo kichwani ajue saa saba mchana apite wapi asiungue. Kwa jirani yetu asiyeona, fundi wa viti vya kamba, alibuni ramani ya kitambaa: njia zilikuwa uzi, na mabomba ya maji yalikuwa vifungo vya shati. Jirani akaipapasa, akaangua kicheko. "Fundi, unataka kunivunja mguu? Hapa nyuma ya kinyozi pana ngazi mbili, wewe umeniwekea moja!" Kumbe marehemu, kwa miguu yake mirefu, miaka yote alikuwa anazivuka zote mbili kwa hatua moja. Tangu siku hiyo hakuna ramani ya mtaa wetu iliyotoka ndani kabla jirani hajaambiwa ngazi zote na kuzikubali.

Uzi ule ulishonwa na mke wake, fundi cherehani, aliyefunga naye ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1981. Nyuma ya kila kadi ya harusi marehemu alichora njia ya kufika. Wageni wote walifika isipokuwa mjomba mmoja aliyesema, "Mimi nimezaliwa hapa, karatasi ya nini?" Alifika tukiosha sufuria.

Kazi yake kubwa ilikuwa mtaa wetu wenyewe: karatasi saba, zenye kila nyumba na kila mlango, na kila njia kwa jina wanaloiita wanaoipita. Mwaka jana ofisi iliufufua mpango wa bustani. Barua yao ilisema wazi: tukipeleka ramani kamili kabla ya tarehe 31 Machi mwaka huu, mtaa utaandikwa, tusipopeleka, utavunjwa. Marehemu alipeleka karatasi sita. Wakamjibu kwamba sita hazitoshi.

Mapafu yalianza kumsumbua Agosti 2023, na kilima kikamshinda. Karatasi ya saba, ya upande wa kilimani na makaburini, ikabaki nusu. Hospitalini alikatazwa kutembea, akaichora wodi akiwa kitandani: vitanda kumi na vinne, madirisha matatu, moja halifunguki. Muuguzi aliibandika mlangoni, na dirisha likatengenezwa. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, saa nne asubuhi, kalamu ikiwa sikioni.

Ameacha mjane, kaka yetu dereva wa lori, mimi dada yake, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, binti ambaye ni mwalimu wa chekechea, wajukuu watano, na nyumba mia nne kumi na sita ambazo bado zimesimama. Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado hatujapumzika.

Mmemwona leo binti yake akilitangulia jeneza, midomo ikimchezacheza. Msiseme amechanganyikiwa. Alikuwa anahesabu. Asubuhi ile ya Ijumaa baba yake alimwekea karatasi ya saba magotini, akamwambia, "Mama, imebaki njia ya kutoka kwetu hadi makaburini. Wiki hii mtaipita kwa ajili yangu, basi usiipite bure. Anza kwenye kizingiti. Usipande gari. Ukifika nilipo, weka alama, andika jina langu, uwapelekee kabla ya tarehe thelathini na moja."

Binti akamuuliza, "Na wakisema pale hapana kitu?"

"Waambie pana baba yako."