Risala ya Wachapaji wa Chuo cha Brandvold kuhusu Kijarida cha Jumamosi

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo cha Brandvold, Daktari Alden Rask. Mkurugenzi wa Michezo. Walimu, makocha, na wote mliokubali kushuka ngazi kumi na nne mpaka huku chini ya ukumbi wa zamani wa mazoezi:

Sisi wafanyakazi wa Idara ya Uchapaji tunakukaribisha. Ni mara yako ya kwanza kufika humu katika miaka sita ya uongozi wako, kwa hiyo tumepiga deki. Kahawa ipo, na kolache, ile mikate mitamu yenye aprikoti iliyo mezani, zimeokwa leo asubuhi. Tunajua umekuja kuzindua mashine mpya.

Tuliagizwa tuilete risala hii ofisini kwako siku tatu kabla. Tukaileta, kurasa nne. Ikarudi ukurasa mmoja na nusu, ikiwa na kikaratasi kisemacho imefupishwa kwa kuzingatia muda. Mgeni rasmi, sisi ni wapiga chapa. Tunajua tofauti ya kufupisha na kukata. Leo tunazisoma zote nne. Tumetoa saa yetu ya chakula cha mchana ili muda usiwe kisingizio.

HISTORIA YA IDARA

Idara hii ilianza mwaka 1961 kwa mashine moja iliyonunuliwa kwenye gazeti lililokufa. Tumechapa mitihani, vyeti, ratiba za mechi, na vijitabu vya ibada ya mazishi ya walimu tuliowapenda na ya wengine.

Marlys Kvamme alifika mwaka 1973, binti wa miaka ishirini na miwili, na akabaki. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa na kuzikagua kabla hazijapanda mashine. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na penseli nyekundu nyuma ya sikio. Kila Agosti shirikisho la michezo ya vyuo lilipotoa kitabu kipya cha kanuni, kinene kama Biblia, makocha walikiweka rafuni. Marlys alikwenda nacho nyumbani akakisoma. Ukubwa wa karatasi, idadi ya rangi, picha ya nani inaruhusiwa na ya nani hairuhusiwi: alijua yote. Tulimtania kwamba akifa tutamzika na rula.

Alikuwa na neno lake. “Kosa la herufi tunachapa upya,” alisema. “Kosa la kanuni, anayeadhibiwa ni mtoto.”

MAFANIKIO

Kwa miaka thelathini na mmoja shirikisho halikuwahi kuandika barua hata moja kulalamikia karatasi iliyotoka humu. Mafanikio mengine yamo kwenye ule ukurasa mmoja na nusu, na nakala unayo.

CHANGAMOTO

Tunayo moja. Bomba linalovuja tumeliacha.

Jumatano ya mwisho ya Agosti mwaka huu, kocha msaidizi wa mpira wa kikapu wa wanawake, Rick Bodeen, alishuka humu na bahasha. Marlys alikuwa akipanga ratiba ya kwaya. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha za msichana mrefu wa sekondari, Janelle Sudbeck, mtoto wa wafugaji wa kaskazini ya hapa, ambaye vyuo vinane vilikuwa vinamgombania. Kocha alitaka kijarida cha kurasa kumi na mbili, nakala moja tu. Jaladani Janelle avishwe jezi yetu. Ndani uwekwe ukurasa wa gazeti la kubuni la mwaka 2008, miaka minne kutoka sasa, lililoandikwa kwamba ametupa ubingwa.

“Kocha, hiki sikichapi,” Marlys alisema.

“Hata hujakisoma!”

“Nimesoma jalada. Lina jina la mtoto ambaye bado si wetu. Tunachowatumia wanafunzi wa sekondari lazima kiwe kile kile kwa wote. Huwezi kumtengenezea mmoja cha kwake peke yake, wala huwezi kumtangaza kabla hajatia sahihi ya kujiunga.”

“Nakala moja, Marlys. Moja! Nani atajua?”

“Mimi.”

Kocha akacheka, akaegemea meza. “Bibie, vyuo vingine vinafanya makubwa kuliko haya.”

“Basi wapelekee wakuchapie.”

Hapo kocha akatoa karatasi. Ofisi ya kanuni ya chuo imeruhusu, alisema, na sahihi hii hapa. Marlys aliishika kwenye mwanga. Sahihi ilikuwa ya bwana wa ofisi hiyo, ambaye sote tulijua yuko Omaha tangu Jumatatu, anamzika mama yake. Marlys hakubishana. Aliitoa nakala ile karatasi, akamrudishia mwenyewe, akaendelea na kwaya yake. Mgeni rasmi, hatusemi ni nani aliyeitia sahihi ile. Tunasema ni nani ambaye hakuitia. Nakala tunayo, na haimo humu ndani, kwa hiyo asijisumbue mtu kuitafuta.

Jumamosi Marlys alikuwa Yankton kwenye harusi ya mpwa wake. Jumatatu asubuhi, kama kawaida yake, aliangalia mita ya mashine, ile inayohesabu karatasi, akailinganisha na alichoandika Ijumaa jioni. Ilikuwa imesogea. Akatugeukia akiwa bado na koti.

“Nani aliwasha mashine Jumamosi?”

Kumi tulikuwa tumesimama pale. Kumi tuligeukia meza zetu.

Wiki tatu zilipita. Baba yake Janelle, kwa furaha ya mzazi, alikichukua kijarida akaenda nacho kwenye ghala la nafaka kuwaonyesha wakulima wenzake. Mmoja akakipiga picha. Ilivyosafiri picha ile hatujui, ila ilifika shirikisho, na hukumu ikatoka: Janelle Sudbeck hataichezea Brandvold kamwe. Na huyu binti alikuwa ametuchagua sisi. Nyanya yake alisoma hapa. Hakuomba kijarida, aliletewa.

Ndipo ikatoka barua ya chuo kwenda shirikisho, yenye sahihi yako, mgeni rasmi, na nakala ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ilieleza kwamba mfanyakazi mmoja wa uchapaji alifanya kosa hilo kwa kutoijua kanuni. Kutoijua kanuni! Tuliisoma barua ile mara tatu kwa sababu tuliichapa wenyewe. Mpaka leo hatujui kama ulisoma ulichotia sahihi, au ulitia sahihi bila kusoma. Kati ya hayo mawili hatujui tuombe lipi liwe kweli.

Marlys aliitwa juu siku ya pili. Alituhadithia baadaye. Mkurugenzi wa Michezo alimwambia amtaje aliyechapa, la sivyo dhima ni ya mkaguzi.

“Sikuona mtu akichapa,” alijibu.

“Lakini unamshuku mtu.”

“Kushuku si kujua. Simpeleki mtu kwa kushuku.”

“Basi unajipeleka mwenyewe.”

Alishuka na boksi tupu, akaweka humo kikombe chake, viatu vyake vya kazini na vitabu thelathini na kimoja vya kanuni. Vilikuwa vizito, ikabidi tumsaidie. Mlangoni alituangalia mmoja mmoja, na kila mmoja wetu akaangalia viatu vyake.

Mgeni rasmi, tangu siku hiyo humu hapakukalika. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walituona sisi. Tulianza kufunga makabati tusiyowahi kuyafunga. Mazungumzo yalikatika mtu akiingia. Na kwa aibu tunakiri kwamba macho yetu yalimwangukia Lupe Arellano, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ufunguo wa Jumamosi. Tamale alizoleta, zile za unga wa mahindi na nyama, ambazo miaka yote tulizigombania, zilipoa mezani. Siku moja mmoja wetu akamwambia wazi, “Wenye ufunguo wanajijua.”

Lupe akaweka kisu cha karatasi chini. “Ufunguo ninao,” alisema. “Na huwa unaning'inia kwenye msumari ule pale, kila mtu anauona, hata wewe. Ungekuwa na adabu ungeniuliza. Sasa umenishuku bila kuniuliza, kaa na shuku yako ikulishe.” Akabeba chakula chake akaenda kukila ndani ya gari lake, na alikula huko mwezi mzima, na baridi ilikuwa imeanza.

Aliyekuwa amewasha mashine ni Gordon Hruska, mwendesha mitambo wetu wa miaka ishirini na sita. Ndiye huyu anayeisoma risala hii mbele yako sasa. Aliomba asiisome. Tulimkatalia.

Kocha Bodeen alimfuata nyumbani Ijumaa ile. Alimwambia kwamba kazi imeruhusiwa na wakubwa, ila Marlys ana kiburi. Kisha akamwambia mashine mpya inakuja, haitahitaji watu kumi na mmoja. Itahitaji wachache, wale wanaoelewa. Gordon ana miaka hamsini na minane. Alielewa. Hakuuliza sahihi ni ya nani. Jumamosi saa nane mchana alitoa ufunguo kwenye msumari, akachapa, akakata, akapiga pini, akaurudisha, akaenda nyumbani kutazama mechi kwenye televisheni.

Alibeba jambo hilo wiki kumi. Anasema alikuwa akishuka ngazi hizi kumi na nne anahesabu. Jumapili moja baada ya ibada alimfuata Marlys nyumbani kwake. Marlys alikuwa uani anafunika mawaridi yake kwa majani makavu, baridi isiyaue.

“Marlys, ni mimi,” alisema.

“Nakuona ni wewe.”

“Nasema kijarida. Ni mimi.”

Hakuacha kufunika. “Nilijua tangu waliponionyesha kijarida kule juu. Pini zako. Wewe peke yako unazipiga kwa nje kidogo ili ukurasa usivute. Miaka ishirini na sita nimeziona, nisizijue?”

Gordon anasema alikaa kwenye ndoo. “Ulijua, ukaacha wakufukuze? Kwa nini hukusema?”

“Nilikuwa nasubiri useme wewe.”

“Na kama nisingesema?”

Marlys alifikiri. “Ningekasirika zaidi,” alisema. “Hata sasa nimekasirika, Gordon. Usidhani nakupa chai.”

Hakumpa. Jumatatu Gordon alisimama kati ya mashine mbili akatueleza sote. Hakuna aliyempiga, ingawa wawili walisogea. Lupe ndiye aliyesema kwanza: “Utaniomba radhi hapa, wakiwepo wote, kisha tutaandika.” Akaomba radhi. Sisi wanane wengine tukaomba pia, maana deni lilikuwa letu sote. Kisha tukaandika.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba uandike barua nyingine kwa shirikisho, yenye ukweli, uitie sahihi ukiwa umeisoma. Tunafahamu kwamba ukweli huo unaweza kukigharimu chuo msimu mzima. Gordon anafahamu unaweza kumgharimu kazi, na amesema isomwe hivyo hivyo.

Tunaomba Janelle Sudbeck aombewe upya kwa shirikisho. Tumesikia yuko kwao analisha ndama, na vile vyuo saba vingine vimeacha kupiga simu; hakuna anayetaka mtoto mwenye doa, hata kama doa amepakwa. Ikishindikana, basi mtu wa hadhi yako, si katibu wake, aende mpaka mlangoni kwao akawaambie wazazi kwamba binti yao hakukosa.

Tunaomba Marlys Kvamme arudishwe, na barua iliyomwita asiyejua kanuni ifutwe kwa barua iliyoandikwa wazi, ibandikwe pale pale ilipobandikwa ile ya kwanza.

Kuhusu mashine mpya: tumesikia itahitaji watu wanne. Labda ni uvumi. Lakini Alhamisi iliyopita fundi alikuja kupima vitasa vya milango, na tulipomuuliza alisema haruhusiwi kusema. Kama tunaondoka, tunaomba tuambiwe kwa mdomo, na mtu anayetutazama usoni. Tusije kuambiwa na ufunguo uliokataa kuingia.

Utepe upo, mkasi upo. Tunaomba jibu litangulie, mkasi ufuate. Mkurugenzi wa Michezo akisimama kujibu kwa niaba yako tutamsikiliza kwa heshima, lakini hatutalihesabu kuwa jibu.

HITIMISHO

Marlys tulimwalika leo. Hakuja. Alisema akija mtasema yeye ndiye aliyetuandikia. Lupe alipompigia simu asubuhi kumuuliza kama ana neno, alisema, “Someni polepole. Ukisoma haraka watasikia wanachotaka.” Tumesoma polepole.

Mungu amlinde binti wa Sudbeck na asiuache mchezo wake uozee zizini. Ampe Marlys majira mema. Nawe, mgeni rasmi, akupe moyo wa kusimama sasa hivi, kabla kahawa haijapoa, ukasema mwenyewe.

Ni sisi wafanyakazi kumi wa Idara ya Uchapaji, Chuo cha Brandvold, Harlan Forks, Nebraska, Novemba 2004. Tulikuwa kumi na mmoja.