Pikipiki Isiyo na Stendi

Mnisamehe mapema. Kisa hiki kingesimuliwa na Breki mngekipata kifupi, na kingesimuliwa na Profesa mngekipata na michoro. Bahati mbaya kimeniangukia mimi, na mimi nikisimulia huwa nacheka kabla ya kufika pa kuchekesha, na nikifika pa kusikitisha pumzi imeshaniishia. Waliowahi kunitazama jukwaani watawathibitishia. Wote wawili. Na leo hata mwandiko wangu umelala upande, lakini hilo lina sababu yake.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, limeegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani. Mguu wake mmoja ni mfupi, tumeuwekea tofali, na anayekaa upande ule hutikisika akibishana. Ndiyo maana upande ule ni wa Profesa. Profesa ni fundi cherehani; cheo tulimpa sisi, hakukikataa. Katikati hukaa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kazi yake siku hizi ni kusimamisha mazungumzo ya wenzake. Upande wangu hukaa mimi, Pazia, maana kazi ya jukwaani niliianza kwa kuvuta pazia, na wapo wanaosema ningebakia hapohapo. Kahawa anamimina Shemeji. Sote tunamwita hivyo, ingawa hakuna kati yetu anayejua kaolewa na ndugu wa nani.

Mlango wa jirani na benchi ni wa Silensa, fundi wa mafriji. Jina hilo alilipata kwa sababu unaweza kukaa naye asubuhi nzima usimsikie zaidi ya “naam” na “asante.” Mlango wake ukiwa wazi unaona maisha yake yote kwa jicho moja: kitanda cha mtu mmoja, kikombe kimoja kimening’inia kwenye msumari, mafriji ya watu yamejipanga ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari, na katikati ya sakafu, pikipiki.

Si pikipiki hizi za kubebea abiria. Hii ni ya silinda mbili, ina sura ya kizamani: taa ya duara kama sahani, tangi limeviringana, kiti bapa. Ukiitazama utaapa kwamba babu alimchumbia bibi akiwa juu yake, kumbe imetoka kiwandani juzijuzi tu, ikavishwa uzee kwa makusudi. Ni chombo cha kwenda taratibu ili watu wakuone. Ila Silensa alikuwa hana wa kumwona.

Basi asubuhi moja akatoka, akachukua kahawa, akasema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema:

— Nataka kuitengeneza niiingize kwenye mbio.

Breki alimwaga kahawa yake. Nje ya mji kuna uwanja wa mbio, barabara inayojipinda na kujizungusha hadi irudi ilikoanzia. Mara moja kwa mwaka wanaufungua kwa watu wa kawaida, wasiolipwa wala kudhaminiwa: walimu, wauza dawa, mafundi wa mafriji. Unaleta chombo chako, kinakaguliwa, unakimbia, unarudi nyumbani na vumbi lako.

— Utakimbia na hiyo? akauliza Breki. Hiyo ni pikipiki au kabati?

— Ndiyo nawauliza nyinyi, Silensa akajibu. Nianzie wapi?

Jamani, kukiomba kijiwe ushauri! Hakuna mtu aliyewahi kutuheshimu namna ile.

— Uzito! akasema Breki. Kila kitu kilichopo juu yake na hakisukumi gurudumu, kitoke.

— Taa?

— Utakimbia mchana. Toa.

— Vioo?

— Walio nyuma yako wanakuhusu nini? Toa.

— Na honi?

— Honi acha, nikadakia mimi. Utawapigia wakupishe.

Profesa akaanza kutikisika upande wake.

— Mnamdanganya mwenzenu. Adui si uzito, ni upepo. Silensa, kaka, wewe una mabega mapana. Lazima tuyapunguze.

— Mabega yangu?

— Nitakushonea koti la kubana. Upepo ukikufikia unateleza, unakwenda zake.

— Profesa, akasema Breki, suruali uliyonishonea upepo unaingia mpaka unakaa.

— Wewe ulikataa kupimwa!

— Nilikuwa nimesimama mbele yako!

— Mwacheni anywe kahawa, akasema Shemeji. Hata hajaonja.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi Silensa anakuja na swali moja, sisi tunampa majibu kumi yanayogombana, yeye anasema “asante,” anaingia ndani, tunasikia spana zikilia. Aliteremsha usukani ili ainame. Alipandisha vikanyagio vya miguu ili visiburuze lami akilala kwenye kona. Gia ya nyuma ya cheni akaweka kubwa zaidi, pikipiki ichomoke haraka ikitoka konani. Bolti ya oili aliifunga kwa waya isije ikafunguka, maana tone moja la oili pale uwanjani wenzako wote wako chini.

Sisi nasi hatukulala. Breki akataka kila chuma kitobolewe matundu ili kiwe chepesi. Profesa akagundua kwamba kona nyingi za uwanja ule ni za kushoto, kwa hiyo betri ihamie kushoto, na Silensa mwenyewe atie sarafu kwenye mfuko wa kushoto. Mimi nikashauri asiile pikipiki kwa macho sana kabla ya mbio, itaona haya. Mambo ya kijinga. Lakini nilikuwa naangalia: kadiri tulivyozidi kupayuka, ndivyo alivyozidi kuchelewa kurudi ndani. Mwanzoni alikuwa anaichukua kahawa na kuondoka nayo. Baadaye akawa anaegemea ukuta. Mwisho Breki akasogea, Silensa akakaa.

Siku moja, akiwa ameketi kati yetu, akasema:

— Imebaki stendi.

Ni kile chuma cha pembeni kinachoishikilia pikipiki ikisimama.

— Nikiilaza kwenye kona kitakwaruza lami, kinaweza kuniangusha, akaeleza. Lakini nikikitoa, haitasimama yenyewe. Wenzangu wana vyuma vya kunyanyulia gurudumu la nyuma. Navyo vinataka watu wawili, mmoja ashike, mwingine aingize.

Akatazama kikombe. Sasa hivi najua alikuwa anaomba nini. Wakati ule niliona nafasi tu, kama mchekeshaji anavyoona kimya cha ukumbi.

Nikasimama juu ya benchi.

— Stendi ya nini, ndugu yangu? Stendi ni sisi! Siku ile kijiwe kizima kinahamia uwanjani. Breki anashika usukani, Profesa anakubana koti, Shemeji anamimina, mimi nawatukana wapinzani!

Makofi! Breki akasema hata malori yake hayakuwahi kupata msaada kama huo. Shemeji akaahidi chupa mbili za kahawa. Na Silensa akacheka. Hatukuwahi kumsikia akicheka. Ni sauti ndogo, kama friji likishtuka kuwaka baada ya kukatika umeme.

Jioni ileile tukasikia msumeno. Hakufungua bolti, ambayo mtu angeweza kuirudisha. Aliikata stendi. Tangu siku hiyo pikipiki ikawa inasimama kwa kuegemea kitanda chake.

Wiki ya mbio alituuliza kila asubuhi.

— Jumapili mnakumbuka?

— Tunakumbuka!

— Pikapu itanibeba na pikipiki mapema. Nyinyi mtanikuta langoni.

— Tutakukuta, stendi haichelewi!

Jumapili ikaja, ikapita.

Jumatatu tulipokutana, Shemeji alikuwa na habari: jana jioni alimwona Silensa akiisukuma pikipiki peke yake kutoka barabara kuu, pikapu ilikomshusha. Kabla hatujaimaliza habari hiyo, mlango ukafunguka, akatoka mwenyewe.

— Vipi mbio, bingwa? akauliza Profesa.

— Sikukimbia.

— Kwa nini?

— Ilianguka. Mkono wa klachi ukakatika, mfuniko wa oili ukapasuka. Wakaguzi wakanikatalia.

— Ilianguka kona ipi?

— Hakuna kona. Ilikuwa imesimama.

Akachukua kahawa, akasema “asante,” akaingia ndani. Mlango akaurudishia.

Hatukungoja hata kahawa ipoe.

— Ni tairi, akaanza Breki. Matairi ya mbio ni laini. Jua likipiga, lami inayeyuka, tairi linazama upande mmoja, chombo kinalala.

— Lami gani, wewe! akasema Profesa. Ni upepo. Nilisema tangu mwanzo. Pikipiki nyingine zilipita kwa kasi, zikaacha shimo la hewa, yake ikatumbukia.

— Itumbukie vipi imesimama?

— Ndiyo ubaya wa shimo la hewa, halichagui.

— Mimi nasema ni wivu, Breki akabadilisha gia. Wapinzani waliona silinda mbili zinavyong’aa, mmoja akapita akaipiga kikumbo.

— Au iliwaona wenzake ikazimia, nikasema mimi.

— Msicheke, akasema Profesa, sasa anatikisika mpaka tofali linalia. Dunia inazunguka. Sehemu nyingine inazunguka kwa haraka kidogo. Ukisimamisha kitu chembamba hapo...

— Samahani.

Sauti ilitoka mwisho wa benchi. Alikuwa ni dada mmoja tusiyemjua, amehamia mtaa wa nyuma, amepakata feni mbovu na waya wake umemzunguka mkononi. Alikuja kumtafuta fundi, Shemeji akamwambia aketi amalizie kahawa kwanza.

— Mimi mgeni, mnisamehe. Hiyo pikipiki haina stendi?

— Haina, Breki akajibu kwa fahari. Tuliitoa, kupunguza uzito.

— Sasa ilipoanguka, nani alikuwa ameishika?

Mimi nimesimama mbele ya kumbi ambazo hazikucheka. Nimesahau maneno katikati ya igizo nikabaki nahesabu taa. Sijawahi kukutana na kimya kama kile. Upande wa Profesa benchi liliacha kutikisika. Yeye alimtazama Breki, Breki akanitazama mimi, mimi nikamtazama Shemeji, Shemeji akainamisha chupa juu ya kikombe changu, likatoka tone moja.

— Imekwisha, akasema, na hakututazama tena.

Jumapili ile nilikuwa kitandani, nimejigeuza upande wa pili, najua Breki keshafika. Breki, kwa uso aliokuwa nao, alikuwa nyumbani akijua Profesa yuko njiani. Profesa alikuwa na koti mapajani hata sasa, halijatiwa vifungo.

Dada akaweka feni chini taratibu, kama mtu aliyeingia kwenye msiba bila kujua.

Nikainuka. Hatua za kutoka benchini hadi mlango ule ni chache, lakini nilizipiga kama mtu anayeitwa jukwaani baada ya kuzomewa. Nikagonga.

— Nani?

Nikajibu kwa mazoea, mdomo ukaniwahi:

— Stendi.

Hakucheka. Baada ya muda akasema niingie.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mkono mmoja ameshika kahawa, mwingine ameshika usukani, maana sasa mkono wa klachi umekatika na ule upande uliokuwa unaegemea kitanda hauegemei vizuri. Ukutani, karibu na ule msumari wa kikombe kimoja, kulikuwa na misumari mipya minne, na vikombe vipya vinne, bado vina karatasi za dukani. Alivinunua vya kwenda navyo uwanjani.

— Nilikuwa nimeishika, akaanza kueleza kabla sijauliza. Tangu asubuhi niliishika vizuri. Halafu langoni nikaona wanaume watatu na mama mmoja kabeba chupa. Nilidhani ni nyinyi.

Friji moja ukutani likashtuka, likaanza kunguruma.

— Nikapunga mkono, akasema.

Nikasogea, nikashika usukani upande wake. Uzito ule! Tulitoa taa, tulitoa vioo, tulitoboa matundu kila mahali, na bado ni nzito.

— Umeshika? akauliza.

— Nimeshika.

— Vizuri?

— Vizuri.

Akaachia mkono pole pole, kidole kwa kidole, huku ananitazama. Kisha akatoka nje kwenda kumsikiliza yule dada na feni yake. Namsikia hapo benchini. Shemeji kachemsha nyingine, Breki anaeleza sababu za feni kufa, Profesa anasema ni upepo. Silensa hajarudi, na mimi sijamwita.

Kwa hiyo mnisamehe mwandiko. Karatasi nimeilaza juu ya tangi, naandika kwa mkono mmoja. Huu mwingine unafanya kazi ya Jumapili.